Bwana Shauri

Nilimkuta kwenye boksi la vipande vya vitenge, Isevya,
mchana wa Oktoba, mabati yakialika kwa jua:
mjusi mchanga, mrefu kama kidole cha kati, mkia kando,
kidevuni miba laini, ndevu za mvulana
anayejidai keshakuwa mtu mzima.
Akanivimbishia koo. Nikacheka.
Nikamwita Bwana Shauri,
kwa kuwa huitikia kila neno kwa kichwa
na hakuna analoliamua.

Shangazi Nyamizi akasema, ua,
ndio hao waliopuliza moto wa Nabii Ibrahimu.
Shangazi, huyu ana siku ngapi duniani?
Moto ule haukumkuta.
Mjusi akatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo.
Shangazi akaona anakejeliwa, akavaa kandambili, akatoka.

Kulisha kuna vipimo vyake, kama kukata suti.
Panzi asipite upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili.
Nilipima kwa kukadiria, futi sikuthubutu.
Kapela wa jirani aliwaleta ndani ya kiberiti,
wanane kwa mia mbili, wawili daima wamekufa,
nami nikalipa wanane.
Ganda la yai nililitwanga kwenye kinu cha iliki,
nikawapaka panzi unga ule
kama mama ampakavyo mtoto poda akitoka kuoga.
Maji ya kisahani aliyakanyaga tu.
Alikunywa tone
lililoning'inia kwenye ncha ya uzi.

Ikinyesha usiku, asubuhi alikuwa jiwe.
Mjusi wa baridi halishwi, chakula humwozea tumboni.
Nikamweka karibu na pasi ya mkaa, umbali wa shubiri,
hadi rangi ikampanda mgongoni
na jicho moja likafunguka, kwa uchoyo.

Na mkono usitokee juu.
Juu ndiko atokako mwewe.
Uje kwa pembeni, chini chini, ulale kama ukuni.
Nililaza mkono nusu saa, wateja mlangoni.
Sare ya mwanao kesho, nilisema, bila kugeuka.
Siku ya kumi na moja akapanda kidole gumba.
Kucha zake! Ungesema mtu anapiga pindo
kwa sindano isiyotoboa.

Kisha ile Ijumaa.
Treni ya Kigoma imepiga honi, duka limejaa,
na yule binti wa Kitete kaja kupunguza gauni.
Nikataka anione.
Nikamnyakua Bwana Shauri kutoka juu, haraka, kama mchawi wa mazingaombwe.
Kitu kikakatika, hakikutoa sauti.
Yeye kaenda, nyuma ya kabati,
mkia umebaki kiganjani mwangu ukicheza peke yake,
cherehani iliyoachiwa pedali.
Binti akapiga kelele. Gauni akaondoka nalo, refu vile vile.

Mkia ule nimeuhifadhi kwenye kopo la vifungo.
Usiniulize kwa nini.

Novemba kumbikumbi wakaja kwenye taa.
Niliwanyofoa mabawa, nikawaacha karibu na pasi,
asubuhi hawapo.
Siapi. Huenda ni sisimizi.

Hadi leo, saa nane, mvua imetoka kukatika:
yuko dirishani. Amenenepa.
Mkia mpya umeota, butu, wa kijivu,
kiraka kilichokatwa kwenye kitambaa kingine.
Mimi fundi, najua, ndivyo tufanyavyo rangi ikikosekana.

Nimelaza mkono. Kwa pembeni, chini.
Kumbikumbi mmoja kiganjani, mwingine hatua moja mbele.
Amekula yule wa mbele.
Huyu wa kiganjani anamtazama.
Bega limeanza kuniuma, na sare za watu hazijakatwa.
Anatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo.
Ndiyo ya nini, sijui.

Na kutoka uani, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mkaa,
shangazi Nyamizi:
"Amekula?"